Gari Kulala Si Kushika Barabara

Kuna swali limezunguka sana mtaani, kuanzia Buruburu mpaka Kayole. Msee amejinyima miaka, akaingiza Golf GTI ama Golf R, ile iko na shokapu za umeme. Miezi michache baadaye gari inaanza kugonga ikipita kwa shimo, taa ya onyo inawaka kwa dashibodi, na fundi anamwambia shokapu moja inavuja mafuta. Anunue ingine ya umeme, ama ang'oe zote nne aweke koilova, gari ilale chini vile wenzake wamefanya?

Mbogi yake itamwambia aweke koilova bila kufikiria. Sisi tunasema ngoja kwanza. Koilova ni kifaa kizuri na kuna siku ndiyo jibu sahihi. Shida ni venye tunainunua. Wengi wetu tunainunua ili gari ionekane, halafu tunashangaa kwa nini haiendeki. Kama barabara yako ya kila siku ni Mumias South Road, Rabai Road na njia za ndani za Umoja, nunua kitu cha kupita hapo. Ukinunua kitu cha picha, utalipa mara mbili.

Kwa nini shida hii ni yetu

Kenya hairuhusu gari kuukuu iliyozidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza. Hiyo ni sheria ya KEBS, kiwango KS 1515. Sasa fikiria vijana wengi tunanunua gari za umri gani. Gari mpya hatuwezi, ya miaka 3 bado ni ghali, kwa hivyo tunangoja ile ya miaka 6, 7 au 8. Gari inafika Mombasa ikiwa imeshamaliza sehemu kubwa ya maisha ya shokapu zake. Kama imetoka Uingereza, imepita pia kwa chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi, na chumvi hula chuma. Halafu inapanda Nairobi na kukutana na matuta yetu, ambayo kila moja lina urefu wake na tabia yake.

Kwa hivyo taa ikiwaka, usiseme umerogwa, na usikimbilie kusema gari za Ujerumani ni takataka. Shokapu ni kitu cha kuisha, kama tairi na breki. Tofauti ni kwamba hii ya umeme ikiisha, bei yake inakukumbusha kwamba ulinunua gari ambayo ikiwa mpya haikuwa ya mtu wa mshahara wako.

Kile unachotaka kutupa

Kabla hujang'oa kitu, jua kinafanya kazi gani. Springi hubeba uzito wa gari. Shokapu huzuia springi isiendelee kurukaruka. Umewahi kupanda matatu ambayo shokapu zimekufa? Inapita tuta moja halafu inanengua mpaka steji inayofuata. Hapo springi iko peke yake, haina wa kuituliza.

Ndani ya shokapu kuna mafuta yanayopita kwa tundu ndogo. Tundu ikiwa nyembamba, shokapu inakuwa ngumu. Ikifunguka, inakuwa laini. Shokapu ya kawaida imepangwa kiwandani na haibadiliki. Ya umeme ina valvu ambayo kompyuta inafungua na kufunga gari ikiwa inatembea. Sensa zinapima mwendo wa magurudumu na mwili wa gari, na kompyuta inaamua mara nyingi kwa kila sekunde. Ndiyo maana Golf ile ile inaweza kupita polepole kwa mawe ya Kariobangi bila kukutoa meno, halafu ukiingia Thika Road na kubadilisha njia inakaa imara kama imeshikwa na mkono.

Teknolojia hii si ya jana. Toyota waliweka shokapu za kurekebishwa kwa umeme kwenye Soarer mwaka 1983. Volkswagen waliingiza mfumo wao wanaouita DCC na Passat CC mwaka 2008, halafu ukashuka mpaka kwa Golf. Baadhi ya Mark X na Crown tunazoziona hapa zina mfumo kama huo unaoitwa AVS. Subaru nao waliuleta kwa Levorg STI Sport mwaka 2020. Kwa hivyo wewe wa Subaru usicheke wa Golf. Zamu yako inakuja.

Sasa linganisha na koilova ya bei ya kati. Koilova ni springi na shokapu zikiwa zimeunganishwa kuwa kitu kimoja, na mwili wenye meno ya skrubu ili uweze kupandisha au kushusha gari. Nyingi zina kitufe cha kuzungusha ili kuongeza au kupunguza ugumu. BC Racing wa Taiwan, kwa mfano, wana zile za BR zenye hatua 30. Zinasikika nyingi, lakini hatua hizo unazungusha wewe, kwa mkono, gari ikiwa imesimama. Umetoa kompyuta iliyokuwa inaamua kila wakati, ukaweka mtu anayekumbuka kurekebisha mara moja kwa mwezi, tena akiwa na mood.

Kuna vifaa vya kupunguza pengo hilo. Tein wa Japani wana EDFC, motors ndogo zinazozungusha koilova zao ukiwa umekaa kwa kiti. KW wa Ujerumani wanatengeneza koilova zinazoungana na nyaya za umeme za gari yenyewe, na Bilstein wana B16 Damptronic inayofanya kazi hiyo hiyo. Kwa mtu anayependa mfumo wake wa umeme, hizo ndizo koilova halisi za kubadilisha nazo. Lakini uliza bei ukiwa umekaa chini.

Mtaa wetu una hesabu yake

Wacha tuongee hesabu ambayo haihitaji digrii. Mimi mwenyewe sina.

Ukishusha gari sentimita 4, zile sentimita 4 hazikupotea hewani. Ni nafasi ambayo gurudumu lilikuwa linatumia kupanda juu likigonga tuta. Sasa haipo. Gurudumu likifika mwisho wa nafasi yake, shokapu inagonga raba ya kuzuia, na nguvu yote inaenda kwa mwili wa gari, kwa mauntingi, kwa boljointi na kwa mgongo wako. Ndiyo maana koilova za kushusha huwa na springi ngumu zaidi. Lazima ziwe ngumu, kwa sababu hazina nafasi ya kuwa laini.

Ongeza tairi. Golf yenye tairi za 225/45 R17 ina ukuta wa tairi wa karibu milimita 101. Ukiweka 225/40 R18, unabaki na 90. Ukipanda mpaka 235/35 R19, unabaki na 82. Ukuta huo ni springi ya kwanza ya gari yako, na ni ya bure. Sasa mtu anashusha gari, anaweka springi ngumu, anatoa shokapu zenye akili, halafu anaweka rimu za 19. Ametupa vitu vinne vilivyokuwa vinamkinga na shimo moja la Kangundo Road. Rimu ikipinda, analaumu serikali ya kaunti. Kaunti ina makosa yake, lakini hili si lote lake.

Tena gari ngumu haishiki barabara vizuri zaidi kila mahali. Gari hushika barabara kwa sababu tairi inagusa lami. Kwa lami laini, koilova ngumu inazuia gari isilale upande ukikata kona, na hapo unaisikia raha yake. Kwa lami iliyopasuka, ugumu huo unafanya tairi irukeruke. Tairi iliyo hewani haifungi breki wala haikati kona. Hapo ndipo gari iliyoonekana ya mashindano inashindwa na Probox, na haishindwi kwa mbio. Inashindwa kusimama mtoto akikimbilia mpira barabarani.

Safari Rally inatufundisha nini

Wakenya tunapenda kusema damu yetu ina rally. Basi tusome somo lake lote. Mashindano ya dunia yaliporudi hapa mwaka 2021 baada ya kukosekana tangu 2002, tulimiminika Naivasha kuangalia gari zikiruka. Gari zile ziko na koilova. Lakini angalia venye zimekaa: ziko juu, magurudumu yana nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, na chini kumefunikwa kwa ngao. Hakuna timu inayokuja Safari ikiwa imeshusha gari ili ipendeze kwa kamera.

Na wazee wetu walilijua hilo kitambo. Mwaka 1993 Patrick Njiru alimaliza Safari akiwa wa 12 na Subaru Vivio, kagari ka injini ya sisi 660. Kagari kadogo vile hakafiki mwisho wa Safari kwa nguvu. Kanafika kwa sababu kameandaliwa kwa barabara inayopita, na kwa dereva anayejua mahali pa kupunguza.

Kwa hivyo neno koilova halimaanishi chini. Linamaanisha unaweza kuchagua. Unaweza kuiweka gari kwenye urefu wake wa kiwandani, ama chini kidogo tu, na bado ukapata faida ya shokapu mpya nne zenye nguvu. Hiyo haitapata sifa nyingi steji ya Donholm, lakini itapita kwa tuta ukiwa na abiria watatu bila wewe kuwaomba washuke.

Kama umeamua, fanya hivi

Kwanza, pima kabla ya kununua. Taa ikiwaka haimaanishi shokapu zote nne zimekufa. Inaweza kuwa waya, soketi iliyoingia maji, ama sensa ya urefu iliyovunjika mkono wake. Gari ichomekwe kompyuta, kosa lisomwe, na fundi aangalie kwa macho kama kuna mafuta yanayovuja. Na kama gari inagonga, bushi na linki zikaguliwe kwanza. Kuna wasee wamenunua koilova ya laki na zaidi ili kuponya kelele ya linki.

Pili, usichanganye. Kuweka koilova mbele na kuacha shokapu za umeme nyuma ni kuwa na gari mbili zimefungwa pamoja. Mbele inasema hivi, nyuma inasema vile, na wewe uko katikati ukishika usukani. Badilisha zote nne, ama rudi kwa za umeme.

Tatu, maliza kazi ya umeme. Ukitoa shokapu za umeme ukaweka za kawaida, kompyuta itaendelea kuzitafuta na taa itawaka. Dawa ni mbili: kuondoa mfumo kwenye programu ya gari kwa kifaa kinachofaa, ama kuweka moduli zinazojibu kompyuta mahali pa zile valvu. Kukata waya na kubandika stika nyeusi juu ya taa si dawa. Ukifunika taa, siku kosa lingine likija hutaliona.

Nne, angalia koilova inashukaje. Kuna ile ambayo unashusha gari kwa kuteremsha kiti cha springi peke yake, na kuna ile ambayo mwili wa shokapu unafupishwa kutoka chini. Hiyo ya pili inakuruhusu kubadilisha urefu bila kula mwendo wa shokapu yenyewe. Uliza muuzaji swali hilo. Akishindwa kukujibu, anauza rangi tu. Uliza pia kama mauntingi ya juu ni ya raba ama ya chuma. Ya chuma ni kali kwa mashindano, lakini kwa vumbi letu inaanza kulia mapema.

Tano, usisahau taa za mbele. Gari nyingi za aina hii zina sensa inayopima urefu wa gari ili kupanga mwanga. Ukibadilisha urefu bila kupanga upya, mwanga unaenda kusikofaa. Unaweza kumchoma macho dereva wa mbele usiku, ama wewe mwenyewe usione mtu anayevuka.

Sita, alaimenti ifanywe siku hiyo hiyo, si mwisho wa mwezi. Gari ikishuka, magurudumu yanabadilisha pembe na tairi zinaanza kuliwa upande wa ndani, mahali huoni ukipita kando ya gari. Baada ya wiki chache, rudi ikaguliwe tena, kwa sababu springi mpya hukaa chini kidogo zikishazoea.

Saba, osha yale meno ya skrubu na uyapake grisi. Matope ya Eastlands yakikauka pale, baada ya msimu mmoja wa mvua, hutaweza tena kupandisha wala kushusha. Utakuwa umelipia kitu cha kurekebishwa ambacho hakirekebishiki.

Na mwisho, iambie kampuni ya bima. Mabadiliko makubwa ya gari ni jambo ambalo wanahitaji kulijua. Ukinyamaza, umewapa sababu ya kubishana na wewe siku ya ajali.

Fundi alipwe

Kuna jambo hatulisemi. Kijana analipa laki moja na zaidi kwa koilova bila kulalamika, halafu anafika kwa fundi Kariobangi Light Industries ama Kirinyaga Road na kuanza kuomba bei ipunguzwe, ati ni kufungua nati tu. Si nati tu. Kuna kufunga mauntingi bila kuharibu uzi, kupima urefu wa kila kona kutoka kitovu cha gurudumu mpaka ukingo wa bodi, kukaza bushi gari ikiwa imesimama kwa magurudumu yake na si ikining'inia kwa jeki, halafu kusoma kompyuta na kupanga upya. Fundi anayejua hayo yote ana elimu, hata kama hakuna karatasi iliyoning'inizwa ukutani.

Tumekuwa na mafundi wazuri Eastlands tangu enzi za kuunda nganya. Mikono iliyochora zile basi za Umoja na Buruburu na kuzipa muziki ndiyo shule ambayo wengi wa mafundi wetu wa leo walipitia. Sasa gari zimebadilika, na wengi wao wanajifunza kusoma kompyuta usiku kwa simu, kwa bando zao wenyewe. Wakikosa malipo ya haki, wataacha kujifunza. Tutabaki na wale wa kukata waya na kubandika stika.

Vyuo vya ufundi navyo viamke. Mwanafunzi wa magari akimaliza kozi leo bila kuwahi kushika shokapu ya umeme, amefundishwa gari za babake. Gari hizi za miaka 7 na 8 ndizo zinazojaa mitaani, na kila mwaka zinakuja zenye waya nyingi kuliko za mwaka jana. Kuna kazi hapo ya vijana wengi, kama tutaichukua kwa uzito.

Kwa wewe ambaye una Golf imeegeshwa nje ya keja na taa imewaka: usione haya kurudisha shokapu za umeme, hata kama itakubidi uweke akiba miezi kadhaa na uendeshe polepole. Usione haya pia kuweka koilova ukiwa umefanya hesabu. Ila ukiona doo yako inatosha koilova lakini haitoshi fundi, alaimenti na kazi ya umeme, jua bado hujafika bei. Ngoja. Endesha pole, epuka mashimo, na ukiwa na abiria usiku, wakumbuke wao kwanza.